Mpiganaji Aliyevalishwa Buti

Wiki jana nilikuwa kwa kakangu, kule Kasikeu, nimekaa sebuleni nikichagua ndengu, mpwa wangu alipoanza kulalamika na simu yake. Gemu ya kupigana anayoipenda imetengenezwa upya, na wahakiki wa mtandaoni wamekasirika. Akanisomea. Mmoja anasema picha ni safi lakini roho haipo. Mwingine ameipa alama sita kwa kumi, kisha akaandika insha ndefu kueleza kwa nini angeweza kuipa tano. Lakini kosa kubwa, wote wamekubaliana, ni kwamba yule mpiganaji mrukaji amevuliwa buti.

"Unaelewa, anti?" akaniuliza. "Buti ndizo zilimfanya awe yeye."

Nilicheka mpaka sinia ikayumba. Rafiki yangu, mimi nilikuwepo siku buti hizo zilipofika. Nusura zitufungie chumba chetu cha gemu.

Nililelewa na susu, yaani nyanya yangu, kule Mtito Andei. Alikuwa na hoteli ndogo kando ya barabara ya Mombasa, ile ya meza za mbao na kalenda ya kanisa ukutani. Alfajiri mimi nilikuwa wa kuosha muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na kupepea makaa, huku nje malori yakipumua breki zao kama ng'ombe waliochoka. Harufu ya chapati ilipigana na harufu ya dizeli, na kwa kawaida chapati ilishinda. Nyuma ya hoteli kulikuwa na chumba kilichojengwa kiwe stoo. Susu, ambaye hakupenda kuona nafasi ikikaa bure, aliweka humo televisheni, mashine ya gemu na padi mbili za kuchezea, akatundika gunia mlangoni liwe pazia. Mimi ndiye niliyepanga zamu. Nilihesabu vichwa wakiingia, nikahesabu tena wakiketi, maana kati ya mlango na benchi watu walikuwa na tabia ya kuongezeka.

Na benchi ndilo lilikuwa mahakama. Ukipigwa, huinuki tu ukaenda. Unaambiwa kwanza umepigwaje. "Umecheza kama mtu anafukuza kuku." "Mkono wa kushoto ulikuwa umeenda wapi, sokoni?" Mwenyekiti wa benchi alikuwa jirani yetu, fundi wa tairi, mwenye mikono myeusi kiasi kwamba susu hakumruhusu kugusa padi kabla hajanawa mbele yake. Akisema gemu ni mbaya, hata asiyeicheza aliichukia.

Tulikuwa na gemu moja ya kupigana, na ndani yake mtu mmoja tuliyempenda kuliko wote. Alikuwa miguu mitupu, amekonda, na ukifinya kitufe kimoja tu anaruka sarakasi juu ya kichwa cha adui. Kava ya sidii yake ilipotea zamani, kwa hivyo hatukujua waliomtengeneza walisema ametoka wapi. Hatukuhitaji kuambiwa. Mtu anayeruka hivyo ni Mkamba. Nani asiyejua ngoma za wazee wetu, vijana wakirushana hewani? Kulikuwa na aliyedai ni wa Machakos. Benchi likakataa, likaamua ni wa Kyuso, kwenye ukame, kwa sababu ya ule wembamba.

Kisha sidii ikachakaa. Mtu wetu akiruka, alining'inia hewani kama shati kwenye kamba, asishuke. Dereva mmoja wa lori, mteja wa susu, alisema Mombasa kumefika toleo jipya, limetengenezwa upya kabisa, na yupo anayekubali kubadilishana. Nilipatana naye mwenyewe: yeye achukue ile mbovu, alete mpya, alishwe muthokoi akirudi. Akataka na chapati. Nikasema chapati nusu. Susu akaongeza nusu nyingine, akaniharibia biashara.

Siku ilipofika, benchi lilijaa mpaka wengine wakasimama kwenye pazia. Picha ikatokea. Mtu wetu alikuwa amenenepa mabega, amenyolewa, na miguuni amevaa buti.

"Huyu ni nani?" fundi akauliza.

"Ni yeye," nikasema.

"Si yeye. Huyu ni askari wa benki."

Akashika padi, akafinya kitufe kile cha zamani. Mtu wetu akarusha ngumi. Akafinya tena, kwa nguvu, kama kitufe kimelala. Ngumi nyingine. Fundi akaweka padi chini taratibu, kama mtu anayeweka maiti.

"Haruki," akasema. "Wametuchukulia mtu wetu wakatuletea buti. Twendeni ng'ambo."

Ng'ambo, karibu na kituo cha petroli, kulikuwa na chumba kingine cha gemu, chenye toleo la zamani lisilo na mkwaruzo. Benchi lote likavuka barabara. Jioni hiyo tulibaki mimi, televisheni na nzi.

Susu hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema tu kwamba ndugu yake wa Kyuso amevuna na anatafuta mahali pa kuweka magunia. Siku ya soko ikipita kama chumba bado ni kitupu, ndengu zinaingia, televisheni inatoka. Mimi sikuwa na mahali pengine duniani ambapo watu wazima walininyamazia wakisubiri niite zamu yao. Kurudi kuwa wa kuosha muthokoi tu, hapana.

Basi kila asubuhi, kazi za jikoni zikiisha, nilijifungia na yule mwenye buti. Nilifinya kila kitu. Siku moja susu akaingia na ufagio, akasimama nyuma yangu.

"Mbona unamrukisha kama mbuzi aliyeona fisi?"

"Hajaruka bado, susu."

"Kwa sababu humpi nafasi. Mrukaji huchuchumaa kwanza. Anangoja." Akaangalia mlangoni, kisha akashusha sauti. "Kabla sijaokoka nilicheza ngoma hizo za kuruka. Anayeruka kabla ya ngoma kumwita hutua peke yake."

Akaendelea kufagia kana kwamba hajasema kitu. Mimi nikamchuchumaza mtu wetu, nikaacha kufinya. Adui akaja, akainua mguu. Hapo nikafinya. Mtu wetu akapaa, akajiviringa mara mbili, akatua nyuma ya adui, na buti zikagonga sakafu kwa kishindo ambacho miguu mitupu haikuwahi kutoa. Kumbe siku zote alikuwa anaruka. Sisi tulikuwa tunahukumu sidii mpya kwa vidole vya zamani.

Nilimfuata fundi kwenye tairi zake. Nikamwambia acheze na mimi raundi moja. Akinishinda, nitabeba magunia ya ndengu yeye akitazama. Nikimshinda, anarudi na benchi lake.

"Na mtu wa buti?"

"Na mtu wa buti."

Walikuja wote, kushuhudia mazishi. Fundi akanawa, akachagua jitu la rungu, akanitwanga. Nikachuchumaa. Akanitwanga tena, benchi likacheka, nikaendelea kungoja na jasho likiniingia machoni. Alipoinua rungu kunimaliza, nilifinya.

Mtu wetu akapaa, akatua nyuma ya jitu kwa kishindo cha buti, na jitu likaanguka.

"Rudia," fundi akasema.

Nikarudia. Akajikuna kidevu, benchi likamngoja.

"Ni Mkamba," akaamua. "Ameajiriwa tu, akapewa buti."

Hapo hapo akaomba zamu, nikamwambia apange foleni.

Ndengu za Kyuso zilienda kuwekwa kwingine. Chumba kiliishi miaka mingi, mpaka kila mtu akawa na gemu mfukoni mwake, na benchi likapungua mmoja mmoja bila yeyote kuaga. Susu alishapumzika, na hoteli sasa ni duka la vipuri. Sina kinyongo. Tulikula utamu wake wote, nimeshauhesabu mara mbili.

Mpwa wangu alipomaliza kunisomea wahakiki, alinipa padi tucheze hilo toleo lao baya. Akaniangusha raundi ya kwanza, kimya, akafinya kuanza ya pili. Mimi nilikuwa nimeshageuka nyuma.

"Unatafuta nini, anti?"

"Watu," nikamwambia. "Wa kuniambia nimepigwaje."