Maua ya Ibaba Kwenye Tairi la Kifusi

Sijisifu bure. Mimi ndiye niliyeyachanulisha maua ya mlimani Ibaba kando ya barabara ya malori, hapa Tunduma. Anayebisha aje kibandani kwangu ninapoziba pancha, ajionee.

Chanzo ni mke wangu. Miaka yote tuliyokaa hapa, akisema "kwetu" alimaanisha Ibaba alikozaliwa. Tunduma aliiita "huku kwenu", ingawa mimi nilitoka Tanga na sina hata kaburi la babu hapa. Watoto tumewazalia hapa, nyumba tumejenga hapa, bado ni huku kwenu! Iliniuma, sifichi.

"Kwetu kuna maua ya zambarau yanaota yenyewe," alikuwa akisema. "Huku kwenu linaota vumbi."

Nikasema moyoni, haya, tutaona.

Nikamwomba shemeji, mdogo wake, aniletee mbegu kwa siri. Akazileta kwenye pindo la kitenge. Nikakata matairi matatu yaliyochoka. La kwanza nikalijaza udongo mweusi wa Ibaba kwenyewe, ulioletwa kwa gunia juu ya lori la viazi. La pili, udongo mwekundu wa Itaka wenye maganda ya kahawa yaliyooza. Yote mawili nikayashibisha samadi, maana sikutaka kushindwa. Mbegu chache zilizobaki nikazitupia kwenye tairi la tatu, ndani ya changarawe na vumbi nililofagia mbele ya kibanda. Hilo sikulihesabu.

Mvua zikanyesha. Matairi mawili yakafura majani mapana, ya kijani kibichi, bila ua hata moja. Madereva waliosubiri kuvuka mpaka wakapata mchezo.

"Fundi, mchicha huo unauza?"

Mke wangu alikuja kuniletea chakula, akayashika majani yale, akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba, nani alikwambia haya yanakula samadi? Kule yanaota kwenye mawe! Ukiyashibisha yananenepa tu."

Chakula chenyewe kilinishinda siku hiyo kwa hasira.

Mvua zilipokaribia kukatika, lile tairi la kifusi, lenye vijiti vyembamba ambavyo sikuvijali, likachanua. Zambarau tupu! Nilisimama na spana mkononi nikitabasamu peke yangu. Madereva wale wale wa mchicha wakashuka kupiga picha. Mmoja, Mzambia, akaomba mbegu. Nilimringia kwanza, kisha nikamwahidi.

Nikamwita mke wangu. Alichuchumaa mbele ya tairi, akayagusa maua kwa ncha za vidole. Kisha akatoa simu akampigia mdogo wake. Mimi nikajifanya nakaza nati, masikio yote kwake.

"Yamechanua," alisema. "Waambie na wengine. Njooni muyaone huku kwetu."