Mbuzi Yangu, Mbuzi Wangu

Mwanarehema wa Mtongwe alizaa watoto watano, na mwaka ule wa themanini na nane aliyemnyima raha ni mmoja tu, Tima, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akisoma ushonaji kwenye chuo cha jamii pale Likoni. Tima hakuwa mkaidi. Tatizo lilikuwa sharti. Baba yake, Maalim Mwidani, aliyewasomesha Kurani watoto wa mtaa, alimruhusu kwenda chuoni kwa shingo upande, na sharti lake alilitamka mara moja, huku akijifunga kilemba: "Siku nitakayosikia la aibu kutoka huko, atarudi. Cherehani ataiendeshea hapa hapa uani."

Mtihani wa cheti ulikuwa umebakiza miezi minne. Mwanarehema alikuwa akiihesabu kama mja mzito.

Yeye mwenyewe shule aliishia darasa la tatu. Alichokijua barabara ni nyimbo za arusini. Tangu usichana wake alikuwa akimwitikia Bi Mwanasaumu, jirani yao, aliyekuwa somo wa maarusi wa Mtongwe nzima. Ndiye aliyewafunda kabla ya kukabidhiwa kwa waume. Nyimbo za kazi hiyo huimbwa ndani, mlango umetiwa komeo, na mwanamume hata awe na umri gani hazijui.

Jumatano moja mchana Mwanarehema alikuwa akichambua mchele, Tima ameikalia mbuzi anakuna nazi. Binti akaanza kuimba kwa sauti ndogo:

*Mbuzi yangu ya mvule, kaa vyema usiyumbe,*
*Kuna pole, kuna pole, tui lisije mwagika.*

Mwanarehema aliweka ungo chini.

"Tima!"

"Abee, mama."

"Wimbo huo umeutoa wapi?"

"Arusini kwa Barke. Si mlinituma nilete kahawa? Nikasimama nje ya mlango mpaka mkamaliza."

"Na sasa waimbia nini?"

"Ndio wimbo wetu wa tamasha Jumamosi. Mwalimu Pascalia alitaka kila mtu alete wimbo wa kwao, na huu wangu ndio aliouchagua." Tima alicheka. "Na mbuzi keshapatikana."

"Mbuzi gani?"

"Wa Katana, yule mlinzi. Ataingia naye jukwaani. Mwalimu adhani ni mbuzi wa kufugwa, nami nikaona haya kumkosoa mbele ya wenzangu." Alimtazama mama yake. "Mbona wanitazama hivyo? Si wimbo wa kukuna nazi tu?"

"Ni wa kukuna nazi tu," alijibu Mwanarehema, akarudi kwenye mchele wake. Alichambua yale yale aliyokwisha kuyachambua.

Jumamosi ingekuwa siku ya wazazi. Mgeni rasmi angetoka ofisi ya elimu. Chifu angekuwepo, na mstari wa mbele kabisa angekaa Maalim Mwidani, aliyeombwa afungue kwa dua. Wanaume wale wenyewe wasingeelewa kitu. Lakini nyuma yao wangekaa wanawake wa Likoni, nao wote wangeelewa, na miongoni mwao wangekosekana vipi wawili watatu wa kwenda kuwanong'oneza waume zao kwamba binti wa Maalim amesimama hadharani kuimba mambo ya chumbani?

Asubuhi ya pili alivaa buibui lake akaenda chuoni. Aliwakuta wasichana uwanjani na fimbo za kuchungia. Kando yao Katana amemshika beberu mweupe shingoni, na Mwalimu Pascalia, mama mwenye miwani aliyetoka bara mwaka uliotangulia, anapiga makofi kuwapa mwendo.

"Mama Tima! Karibu sana! Umekuja kuona hiyo wimbo yenu? Imekuwa tamu! Mbuzi yangu, mbuzi yangu!"

"Mwalimu, mbuzi ya wimbo huu haili majani."

"Sasa inakula nini?"

"Haili kitu. Hukaliwa. Ni mbuzi ya kukunia nazi."

Pascalia alisimama kidogo, kisha akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Kumbe! Na Mvule? Mimi nilijua ni jina la kijiji!"

"Ni mti. Ndio uliochongewa hiyo mbuzi."

"Haya basi, Katana, rudisha mnyama. Tutaleta hiyo ya nazi, hata ni rahisi kubeba."

"Huyu nitamwambiaje?" Katana alilalama. "Nimemwogesha kwa sabuni ya kipande tangu alfajiri!"

Mwanarehema aliona mambo yanazidi kuharibika. Alimshika mwalimu mkono akampeleka nyuma ya tangi la maji, akamwambia sikioni. Pascalia aliacha kucheka.

"Kila mstari?"

"Kila mstari."

"Hata hiyo tui?"

"Hata hilo tui, mwalimu wangu."

"Woi! Na ratiba imeshachapwa, 'Wimbo wa Mbuzi', na mkuu amempelekea mgeni rasmi!"

Walisimama pale, mama wawili, kila mmoja na hofu yake. Mwanarehema alichungulia upande wa Katana. Beberu alikuwa akitafuna ncha ya fimbo. Akamtazama vizuri, kwato zake na ndevu zake.

"Usimrudishe mbuzi," alisema.

"Si umesema…"

"Nyinyi wa bara mbuzi wa majani mwamwita mbuzi yangu, ndio maana hukusikia tofauti. Sisi mnyama ni mbuzi wangu. Ile ya kukunia nazi ndiyo mbuzi yangu. Tukibadilisha *ya* ikawa *wa*, wimbo utaota miguu minne na mkia, na mtu asinambie ni wa ndani. Shika kalamu."

Wakaketi juu ya matofali, Mwanarehema anatunga na Pascalia anaandika. Mwanarehema alikuwa na siku mbili za kuwasahaulisha wasichana maneno ya kwanza, akazitumia zote. Kila aliyeteleza akasema *yangu*, alimwimbisha upya mara kumi. Tima hakuuliza tena sababu, ila alikuwa akimwangalia mama yake kwa pembe ya jicho.

Siku ikafika. Maalim alisoma dua, chifu akahutubu, kikundi cha useremala kikacheza ngoma ya sengenya. Kisha Katana akapanda na beberu wake, watu wakashangilia, na Tima akaanza:

*Mbuzi wangu wa Mtongwe, enda vyema usiyumbe,*
*Kula pole, kula pole, majani hayatakwisha.*

Mwanarehema alikuwa kando ya jukwaa. Hakuwa akimtazama binti yake, alikuwa akiwatazama wanawake. Mahadhi yale walikuwa wameyatambua tangu pigo la kwanza la ngoma. Aliwaona wakigutuka, leso zikipanda midomoni. Walipoyasikia maneno wakatulia, wakatazamana, na yeye akashusha pumzi.

Kitu kimoja tu hakukikumbuka. Wimbo ule una kiitikio, na mwitikiaji ni kila mwanamke aliyepo. Tima aliposhusha sauti, Bi Mwanasaumu, ambaye kwa miaka arubaini hakuwahi kuuacha wimbo huo uende bila jibu, alisimama katikati ya uwanja akaitikia alivyozoea, na wote wakamfuata kwa kishindo:

*Mbuzi yako! Itunze mbuzi yako!*

Kisha walijisikia wenyewe. Kicheko kilichowatoka kilimtisha beberu, akachomoka mikononi mwa Katana akaruka chini, na uwanja mzima ukacheka, mgeni rasmi akiwa wa kwanza. Lakini Mwanarehema alikuwa amemwona mumewe. Maalim Mwidani hakucheka. Alikuwa amegeuka kitini, amekunja uso, anawatazama wanawake mmoja mmoja.

Njia nzima ya kurudi Mtongwe alitangulia mbele kwa hatua ndefu. Tima alitembea nyuma yao, ameinamisha kichwa. Walipofika barazani Maalim akavua viatu.

"Mama Tima."

"Abee, Maalim."

"Umewasikia wale wanawake?"

"Nimewasikia."

"Mbuzi *yako!*" Aliinua mikono. "Wanawake wa Likoni, waliozaliwa hapa, kina Mwanasaumu watu wazima! Mnyama mzima mwenye pembe amesimama mbele yao, nao wasema mbuzi *yako!* Wamekaa na watu wa bara mpaka Kiswahili kimewatoka. Wallahi nimeona haya mbele ya mgeni."

Mwanarehema alishika nguzo ya baraza.

"Ni huyu peke yake aliyetamka sawasawa," Maalim aliendelea, akimwonyesha Tima kwa kidole. "Mbuzi *wangu*. Wazi kabisa. Chuo kile chafundisha. Na wewe, huyo mwalimu akikuhitaji tena, nenda. Wafundishe hao kusema."

"Inshallah, Maalim," alisema Mwanarehema, akaingia ndani upesi, maana Tima alikuwa ameanza kumtazama tena, na safari hii hakuwa na uhakika kama angeweza kujizuia kucheka.

Tima alipata cheti chake Disemba. Mwanarehema aliendelea kwenda chuoni kila mwaka kabla ya siku ya wazazi, mpaka tisini na sita, akikaa juu ya matofali yale yale na kuusikiliza kila wimbo mpya tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Na kiitikio alikuwa akikiuliza kwanza.