Fundi wa Kitale Anayerudisha Breki za Mbele

Ukungu bado umelala juu ya Kitale. Lenah Nangila ameshika usukani wa pikipiki ya mteja, macho ameyafumba. Anaikandamiza sehemu ya mbele kwa uzito wa mwili wake, kisha anaiachilia. Inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Hii imekauka," anasema taratibu. "Ndani hakuna oili."

Pikipiki hiyo kuukuu ni ya Kigen, mwendeshaji bodaboda kutoka Kachibora. Hajaja kutengenezewa shokomzoba, zile nguzo za mbele zinazomeza mitikisiko. Anataka waya wa breki ya mbele ufunguliwe na kutolewa kabisa.

"Mama Edah, hiyo breki itaniua. Ikishika, inakurusha," anamwambia Lenah, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Ilikurusha?"

"Ilinitisha. Si ni kitu kimoja?"

Kesho Kigen atamteremsha mama yake kutoka milima ya Cherangany hadi hospitalini. Mkono wa kushoto wa mama umepooza. Pikipiki ikiinama ghafla, mama hana mkono wa pili wa kujishikilia.

Waendeshaji wengi wa milimani hufungua breki ya mbele na kutegemea ya nyuma pekee. Lenah, mzaliwa wa Tongaren aliyejifunza ufundi mjini Bungoma, hukutana na woga huo karibu kila wiki.

"Si breki inakurusha," anamwambia Kigen. "Oili imetoroka kwa sili, ile raba ya kuizuia. Ukigusa breki, mbele inaanguka yote, alafu unalaumu breki."

Kigen anakaa juu ya tairi kuukuu na kutazama.

Lenah anafungua shokomzoba zote mbili. Oili kidogo inayotoka ni nyeusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Anaweka sili mpya, anamimina oili safi kwa kipimo sawa kila upande, kisha anasugua breki kwa msasa, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

"Mama Edah, ukimrusha mama wa mtu, sisi hatukujui," anatania mwendeshaji mmoja anayesubiri zamu.

"Wewe hata helmeti huna, bana. Nyamaza."

Lenah ana desturi moja: haachilii pikipiki kabla hajabebwa nayo. Anapanda nyuma ya Kigen, na wanapofika kwenye mteremko anaukunja mkono wake wa kushoto, anaulaza mapajani.

Kigen anageuka, anauona mkono ule, umelala kama wa mama yake.

"Shika ya mbele," Lenah anasema. "Polepole, ukisaidia na ya nyuma."

Pikipiki inainama kidogo, kama mtu anayesalimia, kisha inasimama. Lenah hajasogea.

Kigen anarudia. Anarudia tena. Wanaporudi, anazima injini.

"Acha waya ikae," anasema.

Kesho yake mchana, simu ya Lenah inalia. Ni Kigen, lakini sauti inayofuata ni ya mama yake.

"Wewe ndiye fundi? Kijana alinibeba vizuri. Kidogo nilale njiani."

Lenah anacheka, kisha anajifuta macho kwa kiwiko, kwa maana viganja vimejaa grisi.

Ameshaanza kuulizia kibanda cha ufundi Kachibora, chini ya milima ile. Anatumaini kukipata kabla ya mvua kubwa.

"Huku Kitale ni mbali na milima," anasema. "Mtu hafai kuteremka bila breki ndio aje kutafuta breki."