Karatasi Iliyobaki Kwenye Kioo

Mama Kopi alikuwa na mwiko mmoja kazini: hasomi. Mteja amletee cheti cha ndoa, hati ya kiwanja au barua ya kufukuzwa kazi, yeye huangalia kingo nne za karatasi, huinyoosha kwenye kioo cha mashine ya kopi, hufunika, hubonyeza. Yaliyoandikwa humo hayamhusu. Miaka kumi na minne amekaa katika chumba kile cha mlango mmoja, mkabala na kituo cha polisi, na watu wamemwamini kwa sababu hiyo. Si kwamba ni mkimya, la! Mdomo wake hauna breki, humtania kila apitaye. Ila ya karatasi huyaacha kwenye karatasi.

Polisi ndio waliokuwa wateja wake wakubwa. Mashine yao iliharibika zamani, fundi akaja, akaifungua, akaondoka na kipande chake, hajarudi mpaka leo. Ni polisi, na fundi wao hawajampata! Basi majalada ya kituo yakawa yanavuka barabara kwapani mwa mpelelezi mmoja aliyeitwa Bwana Kesho, maana kila aliyeuliza habari ya kesi yake alijibiwa kesho.

Aliyejibiwa hivyo mara nyingi kuliko wote ni mjane mmoja mwenye mwili mdogo. Mwanawe wa pekee, fundi redio, alikutwa amekufa mtaroni nyuma ya gereji. Polisi walisema ni majambazi wasiojulikana. Kwa miaka mitatu mama huyo alikuja kila Jumatatu na barua ya kuomba kesi isizikwe, akatoa kopi mbili kwa Mama Kopi, akavuka barabara, akarudi na yale yale: upelelezi unaendelea. Unaendelea kwenda wapi, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Alhamisi moja alasiri Bwana Kesho aliingia na jalada nene. Kwa kawaida angelitupa mezani na kwenda zake kunywa chai. Siku hiyo alisema, "Usijisumbue, dada. Leo nitatoa mwenyewe."

"Haya, bosi. Ukiniharibia mashine nitakufungulia kesi, nami nikuambie kesho."

Hakucheka. Alitoa karatasi moja tu katikati ya jalada, akaiweka kwenye kioo, akabonyeza. Simu yake ikalia. "Ndiyo, mkuu. Naichoma sasa hivi, mkuu." Akakunja kopi iliyotoka, akaisukumiza katika mfuko wa ndani wa koti, akakwapua jalada na kutoka mbio.

Sasa, kuna kosa ambalo kila mtu hulifanya kwenye mashine ile, awe profesa au mchunga ng'ombe: hukumbatia kilichotoka, husahau kilichoingia. Mama Kopi alikuwa na boksi zima la vitambulisho na vyeti vya watu wa namna hiyo. Akainua kifuniko kama alivyoinua mara elfu. Karatasi ilikuwa palepale imelala kifudifudi.

Akaigeuza. Juu, mtu alikuwa ameandika kwa penseli nyekundu: "Hii isionekane." Chini, alama ya dole gumba. Na mwiko wa miaka kumi na minne ukavunjika hapo hapo, akiwa amesimama.

Yalikuwa maelezo ya shahidi. Shahidi anasema jioni ile, jua halijazama, aliona gari la doria likisimama karibu na gereji. Fundi redio akavutwa, akapigwa na askari wawili mpaka akaanguka, akaburutwa mtaroni. Nambari ya gari imo. Jina la askari mmoja limo. Jina la shahidi limo pia, na Mama Kopi analijua: ni fundi viatu anayekaa chini ya ukuta wa kituo, hatua arobaini kutoka mlangoni kwake. Ndala alizovaa alimshonea yeye.

Akaelewa pia habari ya ile kopi mfukoni. Mkuu wa kituo ameamuru karatasi ichomwe, naye Bwana Kesho ameona ajiwekee akiba, ili siku meli ikizama asizame peke yake. Wezi hawaaminiani hata wakivaa sare! Hasira ilimpanda Mama Kopi mpaka masikio yakamwaka. Akairudisha karatasi kwenye kioo, akabonyeza, akaichukua kopi na kuichomeka katikati ya rundo la mitihani ya shule iliyokuwa mezani. Karatasi ya asili akaiacha pale pale, kifudifudi, akafunika. Kisha akakaa, akasimama, akakaa tena.

Bwana Kesho alirudi akihema, shati limemgandia kifuani. Hakusalimu. Aliinua kifuniko, akaiona karatasi yake, akafumba macho kidogo.

"Umefungua hapa?"

"Nifungue na wateja wenyewe wako wapi? Tangu utoke sijapata hata mtu wa kuuliza njia."

Aliegemea meza, kiwiko kikiwa juu kabisa ya mitihani. "Umesoma, dada?"

"Baba, mimi ningesoma kila kinachopita hapa, si ningekuwa hakimu sasa hivi?"

Mama Kopi akajitia kutafuta kalamu, akaipata, akaitafuta tena. Mwishowe mpelelezi akaondoka, na yeye akagundua kwamba alikuwa ameubana ulimi kwa meno mpaka unauma.

Toka hapo hakutulia. Nyumbani aliunguza mboga siku mbili mfululizo. Mumewe, fundi umeme na mtu wa maneno machache, alimvuta kando akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mke wangu, hiyo ni kesi ya ngedere, hakimu nyani. Utampelekea nani?"

"Mama yake marehemu."

"Na fundi viatu je? Jina lake si limo? Mama akipiga kelele, wa kwanza kuokotwa mtaroni ni nani?"

Hapo ndipo palipomkaba. Akimpa mjane karatasi, huenda anamuua fundi viatu. Akinyamaza, fundi redio anauawa mara ya pili, na safari hii yeye ndiye anayemshika miguu akiburutwa. Alihamisha kopi kutoka kwenye mitihani hadi chini ya godoro, kutoka godoro hadi kwenye debe la unga, kutoka debe hadi kifuani mwake. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilimwinua kitini. Alijichukia kwa woga, kisha akaiogopa ile chuki.

Jumatatu mjane alikuja kama kawaida. "Kopi mbili, mwanangu."

Mama Kopi akampa nne bila kujua, akamrudishia hela yake yote, akashindwa kumtazama usoni. Mjane akavuka barabara. Hazikupita dakika kumi akatoka kituoni, akaenda kukaa kwenye benchi la fundi viatu apumzishe miguu, kama alivyofanya kila Jumatatu. Aliyekuwa akitafuta shahidi na shahidi mwenyewe walikaa bega kwa bega, mmoja akitazama barabara, mwingine akipiga msumari. Alipoliona hilo Mama Kopi akashindwa kuvumilia. Alifunga mlango, mchana kweupe, wateja wawili wakimwita, akavuka.

Alimwinamia fundi viatu kwa upande wa pili, akanong'ona. "Kaka, kuna karatasi yako imenifikia. Ile uliyoweka dole gumba. Sijamwambia mtu. Ukisema niichome, naichoma."

Fundi akaweka nyundo chini. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, bila kunong'ona, "Mimi sijui kusoma. Wameandika nini?"

"Kaka, si hapa."

"Hapa hapa. Mama huyu si anajua?" Akamgeukia mjane. "Mama, si walikusomea? Miaka mitatu unakuja kukaa nami hujaniuliza neno. Nikajua umesomewa, umeogopa, unataka tunyamaze wote. Nami nikakuheshimu."

Mjane alimtazama kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua. "Kunisomea nini, baba?"

Fundi viatu akafunika uso kwa mikono yenye gundi. Mama Kopi akaitoa karatasi kifuani, na kwa kuwa hakujua la kufanya tena, akaisoma. Aliisoma polepole, nambari ya gari, jina la askari, mtaro. Mlango wa kituo ulikuwa wazi, na askari wa zamu alikuwa akipiga miayo kizingitini. Mjane hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Imeisha?" fundi akauliza.

"Imeisha."

"Haijaisha. Kuna jambo nililisema, mpelelezi akaniambia hilo si ushahidi, akaliruka bila kuliandika." Akamgeukia mjane. "Mama, gari lilipoondoka nilimfuata mtaroni. Alikuwa bado anapumua. Aliniomba nikupigie simu. Akanitajia nambari, mara mbili, nisikosee. Simu yangu haikuwa na salio, nikakimbia kutafuta ya kuazima, niliporudi amekwisha. Nikaogopa kukupigia. Lakini nambari sijaisahau, mama. Kila asubuhi naisema kabla sijafungua boksi langu, nisije nikaipoteza."

Akaanza kuitaja, tarakimu moja moja, macho ameyafumba. Alipofika katikati mjane akaipokea, wakaitaja pamoja mpaka ya mwisho.

"Ni hiyo," mjane akasema. "Sijaibadilisha. Niliogopa kuibadilisha."

Askari wa zamu aliacha kupiga miayo. Alikuwa akiwatazama. Fundi viatu alimwona, akavuta kalamu iliyokuwa sikioni mwa Mama Kopi, akamrudishia mkononi.

"Geuza hiyo karatasi, dada," akasema. "Nyuma ni tupu. Andika na hili."