Mpiga Besi Niliyemzika Mapema

Nimeandika habari za muziki kutoka Migori na Homa Bay kwa miaka mingi, na sentensi yangu iliyosifiwa kuliko zote ni ya uongo. Niliiandika siku alipokufa kiongozi wa bendi moja ya zamani ya benga, mwimbaji ambaye nyimbo zake bado zinapigwa kwenye kila harusi na kila matanga ya upande huu. Mhariri wangu, anayekaa Nairobi, alipiga simu saa tatu asubuhi akitaka makala kabla ya saa nane. Wanamuziki wetu hawana nafasi gazetini wakiwa wazima. Wakifa ndipo wanapewa ukurasa mzima, tena kwa haraka, kana kwamba wasipoandikwa siku hiyo watafufuka.

Nilikwenda nyumbani kwa marehemu, nje kidogo ya mji wa Migori. Bendi ilikuwa ya watu wanne, kwa hiyo nikamuuliza mpwa wake wale watatu wako wapi. Akajibu bila kuniangalia kwamba wote walishakufa. Wawili nilijua ni kweli. Wa tatu, mpiga gita la besi, sikuwa nimesikia habari zake kwa miaka, na kazi yetu ina ugonjwa huu: mtu asiyesikika tunamhesabu amekwenda. Simu moja tu ingetosha. Sikuipiga. Niliandika kwamba mpiga besi naye ni marehemu, na kwamba bendi nzima sasa iko chini ya udongo. Nikausifu pia ule mwanzo wa wimbo wao mkubwa, besi ikitembea peke yake kabla magita mengine hayajaingia, nikasema aliutunga kiongozi. Hilo nalo sikumuuliza mtu. Mhariri aliipenda sana sentensi ya udongo, akaifanya kichwa cha habari.

Wiki mbili baadaye mpiga besi aliingia ofisini kwangu Homa Bay, chumba kimoja nilichokodi juu ya duka la nyavu. Alikuwa mzee mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, gazeti langu kwapani. Akajitambulisha, akakaa, akanieleza kwa utaratibu kwamba anaishi Awendo na analima miwa. Aliiacha bendi siku alipobatizwa kuwa Msabato, akauza gita, na tangu hapo huimba besi kwenye kwaya ya kanisa. Kisha akanipa habari ya dada yake aliyeolewa Isebania. Dada huyo alisomewa gazeti, akaja na kina mama kama kumi, wamebeba unga, sukari na mikeka, wakilia tangu barabarani. Walimkuta anampa ndama maji. Walifurahi, alisema, ingawa wengine walionekana kama watu waliopotezewa nauli.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaomba msamaha, tena kwa maneno mengi, maana maneno ndiyo niliyo nayo. Akaniacha nimalize.

"Nyathina," akasema, akiniita mwanangu, "kuniua nimekusamehe. Lakini ule mwanzo ni wangu. Huo uandike."

Akaweka vidole juu ya meza yangu, akaupiga kwenye mbao taratibu huku akiuimba chini kwa chini. Pale ambapo sisi sote tunaouimba huweka mapigo matatu, yeye alipiga manne. Pigo la nne limo kwenye wimbo. Nimelisikia tangu utotoni wala sikuwahi kujua lipo. Nikajua bila shaka yoyote kwamba ule mwanzo ni wake, nikaona aibu.

Nilimuahidi masahihisho Jumamosi, siku ya ukurasa wa sanaa. Yeye hanunui kitu siku ya Sabato, hivyo alipatana na mwenye kibanda cha magazeti pale Awendo amwekee nakala mpaka Jumapili.

Mhariri alinisikiliza nusu. "Mtu kuwa hai si stori," akaniambia. "Akifanya kitu, niletee." Nikamwambia ule mwanzo wa wimbo ni wake. Akauliza nina ushahidi gani, na ushahidi wangu ulikuwa vidole vya mzee juu ya meza. Akaahidi mistari miwili nafasi ikipatikana. Jumamosi hiyo nafasi ilichukuliwa na mwimbaji wa Nairobi aliyenunua gari. Jumamosi iliyofuata mwimbaji yuleyule alikuwa ameligongesha gari hilo.

Kila Jumapili mzee alinipigia simu. Hakugomba hata mara moja. Aliuliza tu kama labda ameruka ukurasa, maana macho yake si mazuri. Nami nikampiga danadana: wiki ijayo, baba, wiki ijayo. Ningeweza kuandika mahali pengine. Ningeweza kumwambia mhariri kwamba bila masahihisho siandiki tena. Niliogopa kuupoteza ule ukurasa, uleule ninaoudharau. Baada ya miezi kadhaa simu za Jumapili zikakoma, nami nikashukuru. Naam, nilishukuru.

Zilikoma kwa sababu alikuwa amelazwa. Alikufa mvua za masika zilipoanza, na binti yake ndiye aliyenipa habari. Kutoka kwake nikajua kwamba nyumbani mzee hakuwahi kuutaja ule mwanzo, kwa kuwa benga ilikuwa mambo ya kabla ya ubatizo. Aliniambia mimi tu. Niliandika tanzia yake kwa siku mbili, nikiuliza kila jambo jingine kwa watu watatu, na ule mwanzo nikauweka aya ya kwanza. Haikupita muda mhariri akapiga simu.

"Huyu si tulishamzika?" akauliza. "Makala niko nayo hapa. Na ni wewe uliandika."

Nikamkumbusha kwamba yale yalikuwa makosa. Akasema sasa si makosa tena, na gazeti haliwezi kumuua mtu mmoja mara mbili. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hawakusema kwamba laweza kuja likute nafasi yake imeshajaa.

Kwenye mazishi Awendo familia ilinipa kiti cha mbele, karibu na wachungaji, na programu mkononi. Ukurasa wa nyuma walikuwa wamechapisha kipande cha makala yangu ya zamani, kwa sababu ndipo mahali pekee jina la baba yao lilipowahi kuandikwa gazetini. Mshereheshaji akakisoma chote kwa kipaza sauti. Mpiga besi naye ni marehemu. Bendi nzima sasa iko chini ya udongo. Kila neno lilikuwa limegeuka kuwa kweli, mpaka akafika kwenye ule mwanzo wa wimbo na jina la mtu mwingine. Watu wakasema Amina. Kisha akaomba mwandishi asimame awasalimie.

Nikasimama. Binti yake alikuwa akinitazama kwa shukrani. Ile nafasi niliyokuwa nikimlilia mhariri sasa nilikuwa nayo, watu wote wamenyamaza, kipaza sauti mkononi, na hakuna wa kunikata. Nikasema poleni sana, nikakaa.