Maiti Haipokeangi Ng'ombe

Mgomba uliokatwa una harufu yake, ya maji mabichi yenye uchungu kidogo, na utomvu wake ukidondokea nguo hautoki hata ukisugua kwa majivu. Harufu hiyo siipendi mpaka leo. Chini ya boma letu kule Shinyalu, pale mteremko unapoanza na ukitazama mbele unaona ukingo mweusi wa msitu, palikuwa na tuta la udongo lililoota nyasi. Lilikuwa kaburi la Baba. Baba mwenyewe alikuwa hai, na kila asubuhi alilipita akienda kukama.

Alikuwa amekwenda vita vya Wazungu akiwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa Burma, ambako watu wa kwetu walikuita Buluma. Muda ukapita bila neno. Mwenzake aliyerudi bila mguu akasema alimwona akisombwa na mto. Ukoo wetu haukuacha mtu wake atangetange bila kaburi: mwili usipopatikana, shina la mgomba lilikatwa kwa urefu wa mtu, likavishwa shuka, likaliliwa, likazikwa. Babu ndiye aliyelilaza ardhini kwa mikono yake. Kisha Babu akafa. Kisha Baba akarudi, buti zikining'inia shingoni. Wazee wakasema kaburi la namna ile hufukuliwa na aliyezika tu, na aliyezika hakuwepo tena. Basi Baba akaruhusiwa kulima, kuzaa na kulipa kodi, lakini penye mambo ya ukoo hakuwa na kiti, maana alikwisha kuliliwa. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Akilikuta zizi limefungwa afanye nini, methali haisemi.

Alichonyimwa na ukoo alikitafuta nyumbani. Sijaona mwanamume aliyependa watu wake namna ile. Mama akiwa na mtoto mchanga, Baba ndiye aliyepuliza moto na kusonga ugali. Jeshini alikuwa amejifunza kushona, basi nguo zetu zilikuwa na vifungo vilivyokaza kama vya sare. Rasoa, dada yetu mkubwa aliyezaliwa kabla ya vita, alipougua surua Baba alimbeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni, mvua ikiwanyeshea njia nzima. Wanaume waliopita karibu na boma wakimwona mekoni walimcheka.

"Keya! Leo umepigana na sufuria?"

"Sufuria hairudishi risasi," aliwajibu, akiendelea kukoroga.

Majira ninayoyasema ni yale ya uhuru. Mjini Kakamega bendera mpya ilikuwa imepandishwa, na sisi watoto tuliimba uhuru hata tukienda kuteka maji. Ndipo kijana wa Lurambi alipomposa Rasoa, na siku ya ng'ombe wa mahari ikapangwa. Baba alimwendea kaka yake, Baba Mkubwa Ingosi, aliyeshika nafasi ya Babu. Nilikuwa nimeketi nao, tukiambua maharagwe.

"Kaka, niketi tu," Baba alisema. "Sitatoa neno."

"Uketi wapi? Maiti haipokeangi ng'ombe. Ukipokea wewe, watoto wa Rasoa watakuwa wajukuu wa nani? Wa kaburi?"

"Na huu uhuru mnaoimba?"

"Uhuru ni wa serikali. Hapa ni kwa baba yetu."

Siku ilipofika, wakwe waliketi kivulini kando ya ghala la mahindi, ng'ombe wakiwa wamefungwa mbele yao. Baba Mkubwa alikaa katikati na koti lake zito, jasho likimtiririka. Baba alikuwa jikoni. Rasoa akaletwa, na shangazi akamuuliza kama desturi ilivyotaka, "Mama, tupokee hawa ng'ombe?"

"Muulizeni baba yangu."

"Amekubali. Si huyu hapa?"

"Huyo ni baba mkubwa. Baba yangu yuko jikoni, anawachemshia chai."

Bibi mmoja wa upande wa wakwe akapiga makofi ya mshangao. "Kumbe tumekuja kuoa yatima mwenye baba!" Mzee wao akainuka, akaanza kufungua kamba ya ng'ombe wa kwanza. Mimi nilifurahi. Nilitaka yaharibike yote, wale wazee wabaki na aibu yao, walazimike kumwita.

Lakini Baba alitoka mwenyewe, birika mkononi. Akawamiminia wakwe kwanza, kaka yake mwisho. Kisha akamgeukia Rasoa. "Mama, sema ndiyo. Mimi nilikupokea siku uliyozaliwa. Hawa wanapokea ng'ombe tu." Rasoa akasema ndiyo huku analia, na ng'ombe wakaingizwa katika zizi la Baba Mkubwa. Watu walisifu busara ya Baba. Mimi nilikasirika nikakataa kula, na aliyenikasirisha zaidi ni yeye, kwa jinsi alivyowarahisishia.

Muda si mrefu niliacha shule, kisha nikaacha nyumbani. Nimeuza samaki Mumias, nimefua nguo za watu Eldoret, na kila nilipolala nimewachosha wazee kwa maswali ya kaburi lile. Baba aliishi mpaka akawabeba watoto wa wajukuu. Alipokufa, wana wa wale wazee walishika kipaza sauti, wakamwita nguzo ya ukoo. Nilipouliza nguzo hiyo ilikuwa wapi siku ya Rasoa, kijana mmoja akaniambia, "Mama, hayo ni ya kitambo, tusiharibu matanga."

Ni kweli, ni ya kitambo. Leo Baba angepiga simu tu, "Niko hai, nakuja," na bodaboda ingemshusha mlangoni. Hakuna anayezika mgomba tena. Ningeliacha jambo hili hapo, lakini mwaka jana, karibu na Isecheno, nilimkuta mama mzee wa ukoo jirani uliokuwa na desturi hiyo hiyo. Nilimuuliza walifanyaje mtu akirudi hai na aliyezika alikwisha kufa.

"Kaka wa aliyerudi anafukua," alisema, kana kwamba nimeuliza maji huchemshwaje. "Kondoo mmoja na jembe. Mnamaliza kabla ya chai."

"Na kaka akikataa?"

"Akatae kwa nini? Si ni ndugu yake?"