Atomi Zilizokataa Kutulia

Siku ile naikumbuka kwa ukungu wake, mwanangu. Eldoret yote ilikuwa imefunikwa, hata barabara ya kwenda Kapsoya ilionekana kama inaelea.

Nilikuwa nasomea fizikia chuoni. Wenzetu wa ng'ambo walikuwa wakipoza atomi kwa miale ya leza. Mwanga hupunguza mwendo wa atomi mpaka zinakuwa baridi kupita kiasi, kisha mwanga huohuo unazishika kwenye vishimo vidogo, kama mayai kwenye trei. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu kwenye kompyuta kuonyesha kwamba zitatulia humo. Asubuhi hiyo vipimo vyao vikafika. Atomi hazikutulia. Zilikuwa zinaruka, shimo hadi shimo, bila mpango.

Wekesa, tuliyesoma naye, alitazama mchoro niliouchora wa vipimo hivyo.

"Huko kuruka ni kelele tu, uchafu wa mashine kwenye vipimo," akasema. "Iondoe, mwezi ujao tuvae joho la kuhitimu."

Nilitamani sana kumsikiliza. Baba alikuwa mgonjwa chumbani kwetu mtaani Huruma. Alikuwa amejenga nyumba za watu maisha yake yote, na ombi lake lilikuwa moja, anione nimevaa lile joho. Mchana nikaenda kumweleza. Akaniuliza:

"Hizo vitu zinaruka kweli, ama ni macho yako?"

"Zinaruka, Baba."

"Basi andika zinaruka. Mimi nitangoja."

Aliposema hivyo alitazama ukutani, na nikajua hana uhakika kama ataifikia siku hiyo.

Nilirudi nikaingiza ile kelele ndani ya hesabu: mtikisiko mdogo wa mwanga, usio na utaratibu wowote. Kwenye skrini vitone, kila kimoja kikiwa atomi moja, vililala. Halafu kimoja kikatetemeka, kikapanda ukingo wa shimo, kikavuka. Vingine vikafuata polepole, vikielekea upande ambao safu ya vishimo iliinamia. Nilipozidisha kelele, vilitawanyika kila upande. Nilikaa pale kama mtu aliye ndotoni, sijui kama nilikula siku hiyo. Kumbe kelele kidogo ndiyo iliyokuwa inazitembeza.

Kuanza kazi upya kulichukua muda. Baba alituacha wakati wa kuvuna mahindi. Joho nililivaa baadaye, nikaenda nalo hadi kaburini kwake Webuye, nikasimama tu.

Wewe nawe umeniambia kuna vipimo vinakuharibia mchoro, unataka kuvifuta. Mwanangu, usifute kitu kwa sababu kinakusumbua. Kiulize kwanza kinafanya nini. Pengine ni kosa la mashine, na ukilithibitisha, sema hivyo wazi. Pengine ndiyo habari yenyewe. Itakuchelewesha, na kuchelewa kunauma, sitakudanganya. Lakini tangu wakati ule nimekuwa nikilala vizuri.

Mungu akupe macho yasiyoogopa kuona, na akujalie uzee wenye amani.